Safari Zisizoandikwa Kwenye Kadi ya Kliniki

Ukihesabu kilomita, mgonjwa wa saratani wa wilaya ya Rungwe ni miongoni mwa watu wanaosafiri sana katika kijiji chake. Kutoka Tukuyu, mji wa wilaya hiyo, hadi Mbeya mjini, iliko hospitali ya rufaa ya kanda, ni kilomita 70 hivi za kupanda na kushuka. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Saratani Ocean Road, ni zaidi ya kilomita 800 nyingine, na katikati yake kuna kona za Kitonga ambazo hata mzima huzipita akiwa ameshika kiti cha mbele. Mwanamke mwenye saratani ya shingo ya kizazi anayepangiwa mionzi kwa kawaida hupigwa dozi 25 hivi, siku tano kwa wiki, kwa wiki tano, kisha hufuata mionzi ya ndani. Muda wote huo anakaa Dar es Salaam, kwenye joto ambalo mtu wa Tukuyu hakulizoea, katika chumba cha ndugu ambaye naye ana familia yake. Safari zote hizo zina tarehe na mhuri kwenye kadi. Lakini kwenda Kiwira kuuza mkungu wa ndizi, kwenda kuimba kwaya, kwenda kikao cha vikoba au kumsalimia shoga aliyejifungua, hizo hazina mahali pa kuandikwa, na baada ya miezi michache huwa hazipo kabisa. Naona hilo ni kosa la matibabu, si suala la starehe. Kutoka nyumbani ni sehemu ya matunzo ya mgonjwa wa saratani kama ilivyo dawa ya maumivu, na kunapaswa kuulizwa kliniki, kupangwa na familia na kutengewa nauli.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kwa mwaka 2020 yaliiweka Tanzania katika wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 kwa mwaka na vifo karibu 27,000. Robo ya wagonjwa hao wapya, zaidi ya 10,000, walikuwa wanawake wenye saratani ya shingo ya kizazi. Chanjo dhidi ya virusi vinavyoisababisha ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikapanuliwa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja. Hiyo ni habari njema kwa wajukuu. Haimfikii bibi aliyekwisha kuugua, na kwa miaka mingi ijayo atakayeishi na saratani katika kata za Rungwe atakuwa mara nyingi mwanamke mtu mzima, mwenye shamba la migomba na chai, aliyegundulika akiwa amechelewa. Huyo ndiye ninayemfikiria ninapoandika. Wanaume wenye saratani ya tezi dume au ya umio wana yao, na mengi yanafanana, ila wao huwa na sababu zaidi za kukaa kijiweni bila kuulizwa wanafanya nini pale.

Inafaa kukumbuka kwamba zamani, angalau mara moja, daktari ndiye aliyesafiri. Mwaka 1961 daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliondoka Kampala na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakazunguka Afrika Mashariki na Kati kwa gari moja chakavu, maili 10,000 katika wiki kumi, wakipita hospitali baada ya hospitali kuuliza nani amewaona watoto wenye uvimbe wa taya. Waligundua kwamba saratani ile, inayoitwa kwa jina la Burkitt hadi leo, haionekani nyanda za juu zenye baridi, na mpaka wa mwinuko unashuka kadri unavyokwenda kusini. Ugunduzi ule ulitokana na kumtazama mgonjwa mahali anapoishi: mwinuko wake, mvua yake, mbu wake. Tangu hapo utaratibu umegeuka, na kwa sababu nzuri. Mashine ya mionzi haipakiwi kwenye gari. Ocean Road, iliyofanywa taasisi kwa sheria ya mwaka 1996, kwa muda mrefu ilikuwa mahali pekee pa mionzi nchini, kabla ya Bugando kule Mwanza kuanza kutoa huduma hiyo. Lakini ukimpokea mgonjwa kutoka umbali wa kilomita 900 unapokea faili na uvimbe. Hujui kama nyumba yake iko juu ya mteremko wa udongo mwekundu ambao ikinyesha mtu mzima huteremka kwa kushikilia mche wa mgomba.

Sasa tuitazame nyumba hiyo. Mgonjwa amerudi. Watu wanakuja kumwona, maana Rungwe si mahali ambapo mgonjwa hukosa wageni. Wanakuja na maziwa, na parachichi, na maombi. Anapewa chumba cha ndani. Jembe linaondolewa mkononi mwake, ndoo pia, halafu funguo za stoo. Akijaribu kumenya ndizi anaambiwa mama, acha, tutamenya wenyewe. Wote hao wana upendo, na mtu asisome hapa lawama kwa binti aliyeacha kazi yake mjini akarudi kumuuguza mama. Ila tazama kilichotokea. Kwa mwanamke wa kijijini, kutoka nyumbani hakujawahi kuitwa matembezi. Aliiona barabara kwa sababu ana kitu kichwani: ndizi za soko, majani ya chai ya kupeleka kwenye kituo cha kupimia, kuni, mtoto wa kliniki. Njiani ndiko alikosimama na wenzake, akasikia nani kaposwa na bei ya mbolea imefika wapi. Kazi ilikuwa ndiyo ruhusa yake ya kutoka. Tukimpokonya kazi kwa huruma, na ruhusa imekwenda nayo, wala hatupati habari kwamba tumeichukua.

Hapa historia ya watu wa Rungwe ina neno. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliishi kati ya Wanyakyusa miaka ya 1934 hadi 1938, na kitabu kinachojulikana zaidi cha Monica, Good Company cha mwaka 1951, kinaeleza jamii iliyothamini kuliko vyote kukaa pamoja, kula pamoja na kuzungumza na wenzako. Vijana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe, na mtu aliyekula peke yake alitiliwa shaka. Kwa jamii hiyo upweke haukuwa huzuni ya mtu binafsi tu, ulikuwa dalili kwamba kuna jambo limeharibika. Lakini kitabu hichohicho kinaonyesha kwamba kijiji cha rika kilikuwa cha wanaume. Wake walikuja kutoka kwingine kufuata waume. Ushirika wa mwanamke ulipatikana shambani na njiani. Kwa hiyo mgonjwa mwanaume akiletewa kiti barazani, wenzake watakuja kumzunguka na baraza litakuwa limehamia kwake. Mgonjwa mwanamke akiletewa kiti hichohicho, wenzake wako shambani hadi jioni, na wakirudi wana moto wa kuwasha. Yeye asipokwenda waliko, ushirika haumfuati.

Monica Wilson anaeleza pia imani ya zamani kwamba hasira ya majirani, pumzi ya watu, inaweza kumletea ugonjwa mtu aliyekosea wenzake, na kwamba dawa yake ilikuwa watu waseme wazi kilicho moyoni na kupatana. Makanisa ya Moraviani na Kilutheri yamekuwa Rungwe tangu mwaka 1891, na wengi leo watasema hayo yamepita. Labda. Lakini swali linaloulizwa kwa sauti ya chini mtu anapogundulika na kansa, kwamba alimfanya nani nini, halitofautiani sana na hilo la kale, na linapogusa shingo ya kizazi linaongezewa tuhuma juu ya mwenendo wake. Virusi vinavyosababisha saratani hiyo ni vya kawaida kiasi kwamba watu wengi waliowahi kuolewa wamekutana navyo. Havimpimi mtu tabia. Mgonjwa anayejua kwamba swali hilo linaulizwa ataona afadhali abaki ndani, na familia itaona imemsitiri. Kumbe kumficha kunalithibitisha. Mila ile ya zamani ilikuwa na busara moja tuliyoiacha: ugonjwa ulitatuliwa kwa watu kukutana uso kwa uso.

Lakini je, kutoka nje kunasaidia kitu, au ni maneno mazuri ya gazeti la Jumapili? Uchovu wa saratani ndio jambo ambalo wagonjwa wengi hulilalamikia, na ni uchovu wa aina yake: usingizi hauuondoi. Kwa miaka mingi ushauri ulikuwa kupumzika. Ushauri huo umebadilika kabisa. Jopo la wataalamu lililoitishwa na Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo, ambalo mapendekezo yake yalitoka mwaka 2019, lilipitia tafiti zilizokuwapo na kukuta kwamba mazoezi ya wastani, kama nusu saa mara tatu kwa wiki, hupunguza uchovu, wasiwasi na sonona kwa wagonjwa wa saratani na kuboresha uwezo wao wa kufanya shughuli za kila siku. Kulala mchana kutwa hufanya misuli inyauke, na misuli ikinyauka hata kwenda chooni kunachosha, basi mtu analala zaidi. Mwaka 2025 ukatolewa utafiti uliofanyika zaidi Kanada na Australia, uliowafuatilia watu 889 waliokuwa wamemaliza tibakemia ya saratani ya utumbo mpana. Nusu yao walipewa vijitabu vya afya. Nusu walisimamiwa kufanya mazoezi kwa miaka mitatu, mengi yakiwa kutembea kwa haraka dakika 45 hadi saa moja mara tatu au nne kwa wiki. Baada ya miaka minane, asilimia 90.3 ya waliosimamiwa walikuwa hai, dhidi ya asilimia 83.2 ya wenzao. Tofauti ya asilimia saba ni kubwa. Kuna dawa za bei ya kutisha zilizopitishwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Tusivute ushahidi huo kuliko unavyofika. Wale walikuwa wamekwisha kufanyiwa upasuaji na tibakemia, saratani yao haikuwa imesambaa, na walikuwa na wasimamizi wa mazoezi. Mwanamke wa Rungwe aliyegundulika hatua ya tatu au ya nne hawezi kuahidiwa kwamba kutembea kutamwongezea miaka, na anayemwahidi hivyo anamdanganya. Pia kuna utafiti unaopendwa sana kunukuliwa, wa Roger Ulrich wa mwaka 1984, wa wagonjwa 46 wa upasuaji wa nyongo huko Pennsylvania, ambapo waliolala karibu na dirisha linalotazama miti walitoka hospitali mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Ni utafiti mdogo na hauhusu saratani. Ungekuwa hoja nzuri ya kujenga wodi zenye madirisha, lakini Rungwe miti haijawahi kuwa shida. Mlima Rungwe, wa mita 2,960, unaonekana ukiwa unafua. Kinachokosekana ni watu na sababu ya kusimama. Ninachodai kutokana na ushahidi ni kidogo na ni imara: kutembea na kukutana na watu hupunguza uchovu na huzuni kwa mgonjwa wa saratani, na kumlaza mtu ambaye angeweza kutembea kunamdhuru.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa mwuguzi makini: maambukizi. Ni pingamizi la haki. Baada ya dripu ya tibakemia, seli nyeupe za damu hushuka, kwa dawa nyingi kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, na katika siku hizo mafua ya mtoto kwenye daladala yanaweza kumlaza mtu wodini. Lakini maelezo hayohayo ndiyo yanayotoa jibu. Kama dripu ni kila baada ya wiki tatu, basi kuna wiki ya kukaa mbali na msongamano na kuna wiki, ile ya mwisho kabla ya dripu inayofuata, ambapo kinga kwa kawaida imepanda. Mgonjwa aambiwe ipi ni ipi. Harusi ya mpwa ipangwe na kalenda mkononi. Ibada asikilizie nje chini ya mti badala ya kubanwa kwenye benchi, ajue kwamba homa ya nyuzi 38 ni ya kwenda hospitali siku ileile na si ya kusubiri asubuhi, kisha aachwe aende. Anayeambiwa tu aepuke watu ataepuka watu mwaka mzima, hata miezi ambayo hapati tibakemia yoyote. Na kuna wenye hatari ya kweli ya kudumu: saratani iliyofika kwenye mifupa inaweza kuvunja paja kwa kujikwaa mara moja, na kwa huyo bodaboda kwenye barabara ya mawe haifai hata kidogo. Atapanda bajaji au gari dogo, kwa njia ya lami, au atatembea uani na fimbo. Daktari ndiye wa kusema, ila aseme kwa kumwangalia mgonjwa huyo, asitoe amri moja kwa wote.

Pingamizi la maumivu nalo lina jibu ambalo linajulikana na halitumiki vya kutosha. Morfini ya kunywa, ile ya maji inayotengenezwa kwa kuchanganya unga, ni dawa ya bei nafuu. Ocean Road wamekuwa wakiitengeneza, na Uganda, ambako Dk. Anne Merriman alianzisha hospisi mwaka 1993, waliruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza maumivu na dalili, kuiandika tangu mwaka 2004 ili isisubiri daktari asiyekuwapo. Hunywewa kila baada ya saa nne, pamoja na dawa ya kulainisha choo, na kama daktari amempangia mgonjwa dozi ya ziada, akiinywa nusu saa kabla ya kuondoka anaweza kukaa kwenye kiti cha gari bila kukunja uso. Chupa hiyo inakwenda naye mkobani. Kuhusu harufu, jambo ambalo wanawake wenye saratani ya shingo ya kizazi iliyokomaa hulionea aibu kuliko maumivu yenyewe na ambalo ndilo hasa huwatoa kanisani, wahudumu wa tiba shufaa wana njia za kulipunguza, na mojawapo hutumia vidonge vya metronidazo, vilevile tunavyovijua kwa amiba, vikisagwa na kutumiwa kwa maelekezo yao. Ni vidonge vya bei ya chini na maduka ya dawa yanavyo. Mwanamke anaweza kukaa miezi sita bila kwenda ibadani kwa sababu ya tatizo lenye dawa, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza kwa nini haendi, na yeye hawezi kulisema mbele ya mkwe.

Wapo watakaosema haya yote ni anasa. Watu hawana nauli ya kwenda Mbeya kwa rufaa, dawa zinakosekana, mtoto ameacha shule ili auguze, nawe unazungumzia matembezi? Pingamizi hili ndilo zito, na sitalikimbia kwa kusema furaha haina bei. Ina bei, bajaji ya kwenda na kurudi ni fedha, na anayemsindikiza amepoteza siku ya kazi. Hoja yangu ni kwamba fedha hiyo tunayo, ila tunaitoa kwa kuchelewa. Godfrey Wilson aliandika mwaka 1939 juu ya mazishi ya Wanyakyusa, wanaume wakicheza ngoma, ng'ombe wakichinjwa, na jamaa wakija kutoka mbali. Ngoma zimepungua, lakini mtu yeyote aliyepita barabara ya Tukuyu siku ya msiba anajua kwamba Noah za kukodi hupatikana, turubai hupatikana, michango hupatikana jioni moja, na wajomba waliokuwa hawana nafasi mwaka mzima wanawasili na mashada. Sisemi msiba upunguzwe. Hilo ni la ukoo kuamua, na msiba una kazi yake kwa waliobaki. Nasema sehemu ndogo ya michango hiyo, ikitolewa miezi sita mapema, ingemlipia mgonjwa bajaji ya kwenda sokoni kila Jumamosi aliyojisikia vizuri, na wajomba wangemkuta anaongea.

Tena wanaodhani kwamba kushughulikia maisha ya mgonjwa ni kumwibia fedha ya tiba wasome utafiti wa Jennifer Temel wa mwaka 2010, uliofanyika Boston. Watu 151 wenye saratani ya mapafu iliyosambaa waligawanywa: wote walipata tiba ya kawaida, na baadhi yao waliongezewa mapema wahudumu wa tiba shufaa ambao kazi yao ni kushughulikia dalili, hofu na jinsi mtu anavyotaka kuishi. Walioongezewa walikuwa na sonona kidogo, wachache zaidi kati yao walipewa tiba kali siku za mwisho, na bado waliishi kwa wastani miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Hakuna dawa mpya iliyotolewa pale. Walichopewa zaidi ni mtu wa kuwauliza. Na kuuliza hakuhitaji Boston. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Hospitali ya wilaya ya Makandana, na zile za Igogwe na Itete, zina wauguzi wanaoijua mitaa. Dayosisi ya Konde na Wamoraviani wana vikundi vya wanawake ambavyo tayari huwatembelea wagonjwa. Kuwatembelea ni kuzuri. Kuwatoa ni bora zaidi, na kunahitaji mambo madogo ya kupangwa: choo safi cha kukaa kilicho karibu, kwa sababu mionzi ya nyonga huacha haraka za haja zisizosubiri, kiti chenye egemeo, mwavuli, kwa kuwa Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na mwezi Aprili hakuna anayeweza kuahidi saa moja kavu, sweta mwezi Juni na Julai. Miezi mizuri ni Septemba na Oktoba, asubuhi, njia zikiwa kavu.

Aende wapi, basi? Si lazima kwenye vivutio. Ziwa Ngosi ni zuri, lakini njia yake ya kupanda huwatoa jasho hata vijana wa vyuo, na kumpeleka mgonjwa huko ni kumkomoa. Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira, au ziwa la kreta la Masoko kando ya jengo la zamani la Wajerumani, hufikika kwa gari na ni safari ya nusu siku kwa anayependa. Wengi hawatachagua huko, kwa kuwa mwenyeji hautembelei mto aliokulia. Watachagua soko. Hapo ndipo ningependa familia zifikiri upya juu ya kazi, maana mwanamke aliyeuza ndizi miaka thelathini akipelekwa sokoni kutazama tu anajiona mgeni. Apewe kichane kimoja cha kuuza, akae kwenye genge la mwenzake saa moja, ashindane bei, arudi na noti yake. Mpenzi wa mpira, na Rungwe wapo wazee ambao bado wanaweza kukutajia kikosi cha Tukuyu Stars kilichopanda daraja na kutwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1986, apelekwe kwenye banda la kuonyeshea mpira, awekwe karibu na mlango penye hewa. Mwalimu mstaafu aombwe kusahihisha madaftari. Nyerere mwenyewe, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, aliendelea na usuluhishi wa Burundi kule Arusha akiwa tayari mgonjwa. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, Nairobi, alitangaza saratani yake hadharani mwaka 2019 na akaonekana tena kati ya watu wake kabla ya kufariki Julai mwaka huohuo. Hawa walikuwa na magari na wasaidizi, najua. Lakini gari halikuwapa sababu ya kuamka. Sababu ilikuwa kazi ambayo hakuna aliyethubutu kuwapokonya.

Linabaki pingamizi la mgonjwa mwenyewe. Je, asipotaka kutoka? Hapa familia nyingi hushinda hoja kwa urahisi, kwa kusema tulimwambia, akakataa. Kukataa kuna sura nyingi. Kuna anayekataa kwa sababu ya maumivu asiyoyasema, na huyo anahitaji dozi yake iangaliwe. Mwingine anaogopa kuaibika, nywele zimetoka na kilemba hakijazoeleka. Yupo anayehofia kuwagharimu watoto. Yupo aliyezama kwenye sonona, ugonjwa wenye tiba yake. Na yupo aliyekwisha kutafakari, akaona kwamba nguvu kidogo iliyobaki anataka kuitumia pale uani, na mjukuu na redio, bila kelele za soko. Huyo aachwe, na anayemburuza kwa ajili ya afya yake hana tofauti na aliyemfungia. Namna ya kuwatofautisha ni kumuuliza yeye, faraghani, na kumuuliza tena baada ya wiki mbili, kwa kuwa mtu anayeugua hubadilika. Kisichofaa ni watoto kukaa sebuleni na mgeni aliyekuja kumwalika, wakamjibu kwamba mama hawezi, wakati mama yuko chumba cha pili anasikia.